Redio ya mkononi au ya mawimbi mafupi: ipi ubebe ukipanda Ngong?

Mara ya kwanza kupanda vilima vya Ngong na redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wenye leseni wanaowasiliana hewani kwa kupenda, nilibeba redio ya mkononi peke yake. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kilele cha tatu. Upepo ulivuma hadi kofia haikai kichwani, Nairobi imetandazwa chini upande wa mashariki, na upande wa magharibi mlima unakatika ghafla kuingia Bonde la Ufa. Nikaweka redio kwenye MHz 145.500, masafa ya kuitana ya bendi ya mita 2 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi), nikaita. Nikangoja, nikaita tena. Dakika arobaini zikapita bila hata mtu mmoja kujibu, na mji wa mamilioni ya watu uko mbele ya macho yangu.

Miezi michache baadaye nilirudi kilele kilekile na redio ndogo ya mawimbi mafupi ya wati 5 na waya wenye urefu wa mita 20. Robo saa haikuisha kabla Italia hawajajibu. Baada yao Ugiriki, kisha mtu wa Oman aliyetaka kujua kama kweli niko mlimani, maana alisikia upepo kwenye maikrofoni.

Nimeulizwa mara nyingi na wanaoanza: nikiwa na nafasi ya redio moja tu kwenye begi, nibebe ipi? Mashauri mengi yaliyoandikwa juu ya kazi hii yametoka Ulaya, na ukiyafuata huku bila kuyachuja utarudi nyumbani na daftari tupu. Kwa hiyo hapa naziweka redio hizi mbili ubavu kwa ubavu nikiwa na Ngong akilini, na si mlima wa Wales.

Kwanza tuone kwa nini wa Ulaya husema vile. Uingereza ndiko ulikoanzia mpango wa Summits on the Air mwaka 2002, ule unaompa alama anayepanda kilele na kuwasiliana kutoka juu. Masharti yake yanafahamika: usitumie umeme wa gari wala jenereta, uwe ndani ya mita 25 za kimo kutoka kileleni, na upate mawasiliano manne ili alama zihesabiwe. Kule, redio ya mkononi yenye antena ya nusu mita huyapata manne hayo kabla chai haijapoa, kwa sababu bondeni kuna watu wenye leseni kwa makumi ya maelfu, na wengi huacha redio ikisikiliza 145.500 wanapofanya kazi za nyumbani. Kilele huinua antena, antena huona mbali, na kule mbali kuna watu.

Huku kwetu sehemu mbili za kwanza ni kweli tupu. Ya tatu ndiyo haipo.

Hesabu ya upeo wa VHF, yaani masafa ya redio ya mkononi kama 145.500, ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo chako juu ya nchi inayokuzunguka, kwa mita, kisha zidisha kwa 4.1, jibu ni kilomita. Ngong ina mita 2,460. Nairobi iko chini yake kwa mita 700 au zaidi, kwa hiyo upande wa mashariki unaona zaidi ya kilomita 100. Upande wa Magadi, ambako ardhi inashuka hadi mita 600 hivi juu ya bahari, unafika karibu kilomita 180. Kilimambogo iko kama kilomita 75 kwa mstari wa moja kwa moja, Longonot kama 60. Kukiwa na mtu juu ya Longonot mwenye redio ya wati 5, mtasikilizana kama mmekaa meza moja. Hata Kilimanjaro, kama kilomita 200 kusini, haijajificha kwa redio. Asubuhi hewa ikiwa safi utaiona kwa macho.

Kwa hiyo redio ya mkononi haikosi nguvu. Inakosa mtu wa upande wa pili. Wenye leseni za ridhaa Afrika Mashariki ni wachache mno, na waliopo wengi wamejikita kwenye mawimbi mafupi kwa sababu hiyohiyo: ndiko waliko watu.

Mawimbi mafupi, yaani HF, ni habari nyingine kabisa. Masafa ya kati ya MHz 3 na 30 hayahitaji kuona. Yanapanda hadi tabaka la anga lenye chaji ya umeme, kilomita mia kadhaa juu, yanarudishwa chini na kutua maelfu ya kilomita mbali. Basi mtu atauliza, na swali ni la haki: kama HF haihitaji kuona, mlima una faida gani? Si nikae tu kibarazani?

Faida ya kwanza ni utulivu. Nyumbani, katikati ya mji, kipimo cha mawimbi kwenye redio yangu, kinachoanza S1 (hafifu) hadi S9 (kali), hakishuki chini ya S7. Hiyo yote ni kelele ya chaja za simu, taa za LED, televisheni za majirani na inveta za sola. Stesheni dhaifu inazama humo kama mnong'ono sokoni. Kule juu, ukishatembea ukaacha nyuma minara na mitambo ya upepo, sindano inalala kwenye S1 au chini yake. Mara ya kwanza nilidhani antena imekatika. Nikazungusha kitufe, sauti ya Morse, ile milio mifupi na mirefu inayosimama kwa herufi, ikatokea peke yake katikati ya ukimya, safi. Tofauti hiyo, S7 hadi S1, ni kubwa kuliko faida ya kutoka wati 5 hadi wati 100.

Faida ya pili ni mteremko wenyewe. Ardhi inayoshuka mbele ya antena husaidia mawimbi kuondoka chini chini kuelekea upeo wa macho, na mawimbi yanayoondoka chini ndiyo yafikayo mbali. Ukitundika waya kwenye ukingo wa magharibi, mbele yako hakuna kitu hadi chini ya Bonde.

Iko na ya tatu, ambayo wageni huijua kuliko sisi. Alama ya wito, yaani jina la hewani la mwenye leseni, inayoanza na 5Z, ya Kenya, haisikiki kila siku. Kadhalika 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 9X ya Rwanda na 9U ya Burundi. Mtu wa Ujerumani mwenye wati 5 atapigania nafasi hewani pamoja na maelfu ya wenzake. Wewe ukiita mara mbili kwa sauti ya wastani, wenye antena kubwa Ulaya na Asia wanageuza mitambo yao wakutafute. Udhaifu wa redio yako wanaufidia wao.

Sasa upande wa mfuko na mgongo, ambako redio ya mkononi inashinda bila ubishi. Redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R ina uzito wa gramu 250 hivi na bei yake ni kama dola 25 hadi 30. Bei ya redio moja ya HF ya Icom IC-705 inaweza kukununulia arobaini. IC-705 ni redio nzuri mno: ina HF, ina VHF na UHF, kioo chake kinaonyesha mawimbi yakitembea. Lakini ina kilo moja na zaidi kabla hujaongeza waya, mlingoti na betri ya nje, na kwa betri yake yenyewe inatoa wati 5; ukitaka 10 lazima uipe umeme wa volti 13.8. Elecraft KX2 ni gramu 370 na hutoa wati 10, ila VHF haina. Kwa asiye na pesa hizo kuna vijiredio kama (tr)uSDX, gramu 140 tu, wati 5, bei ya chini sana. Mapokezi yake hayafikii ya wakubwa wake, lakini kwenye ukimya wa mlimani yanatosha. Ningekuwa naanza leo na pesa kidogo, ningeanza na hicho.

Muda nao upime. Redio ya mkononi unaitoa mfukoni unaongea. HF inanichukua dakika ishirini tangu kuweka begi chini hadi wito wa kwanza, na dakika kumi na tano kufungasha. Kama safari yako ni ya kutembea na familia, mnasimama dakika tano kila kilele mnapiga picha na kuendelea hadi Kona Baridi, usibebe HF. Utawakalisha watu kwenye baridi na hawatakubali kutoka nawe tena.

Kuna jambo la Ngong penyewe ambalo halimo kwenye vitabu. Upande wa Ngong mjini, kwenye vilele vya mwanzo, kuna minara ya mawasiliano. Redio ya mkononi ya bei nafuu haina kichujio cha maana. Ikiwa karibu na mitambo yenye nguvu namna ile inazibwa masikio. Kioo kinaonyesha mawimbi yamejaa, spika inatema vipande vya vituo visivyohusika, na rafiki anayekuita kutoka Longonot humsikii. Wengi hudhani redio imeharibika. Tembea kusini vilele viwili vitatu, uweke kilima kati yako na minara, na masikio yatazibuka. Redio za HF nazo huguswa, ila kidogo zaidi.

Tuseme umechagua HF. Swali kubwa zaidi linabaki, nalo ni antena. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakinunua redio ya dola elfu moja na kuifunga kwenye waya mbovu.

Mgongo wa Ngong ni nyasi. Miti iko kwenye miteremko, juu hakuna. Kwa hiyo mlingoti unabeba mwenyewe. Fimbo ya kuvulia samaki ya faiba, ile ya kuvuta, ndiyo inayotumiwa duniani kote. Ipo ya mita 10, na nimeijaribu. Kwa upepo wa Ngong ilipinda kama upinde, sehemu ya juu ikajikunja ndani ya nyingine, waya ukaja chini. Mita 6 au 7 zinatosha. Naifunga kwenye nguzo ya uzio, au kwenye jiwe kubwa, kwa raba zilizokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, zilezile watu wa bodaboda wanazofungia mizigo. Raba hushika kuliko kamba na hufunguka kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Waya wenyewe unachaguliwa kati ya aina tatu. Dipoli ndiyo kipimo cha zote: waya mbili sawa, kebo katikati. Urefu wake wote kwa mita ni 143 gawa kwa masafa ya MHz, kwa hiyo kwa 14.2 unapata mita 10, yaani mita 5 kila upande. Haina transfoma, haipotezi kitu, na ukikosea kipimo unakata sentimita mbili unaendelea. Ubaya wake ni kwamba kebo nzito inaning'inia kutoka kileleni mwa fimbo, na kila ukitaka kubadilisha masafa lazima ushushe, uunge au utenganishe vipande, upandishe tena.

Ya pili ni waya wa nusu wimbi, yaani wenye urefu wa nusu ya wimbi la redio, unaolishwa mwishoni. Unahitaji transfoma ndogo ya uwiano wa 1 kwa 49, ambayo nilijitengenezea juu ya meza ya jikoni: duara la feraiti la FT140-43, mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa waya, na kapasita ya pikofaradi 100 kwenye maingilio. 14 gawa kwa 2 ni saba, na saba mara saba ni arobaini na tisa. Ndiyo siri yote. Mita 20 za waya huo zinafanya kazi kwenye bendi za mita 40, 20, 15 na 10 bila kugusa kitu. Transfoma inakula sehemu ya nguvu na kupata joto kidogo. Mimi nakubali hasara hiyo, kwa kuwa kebo inabaki chini karibu na magoti yangu na fimbo inabeba waya mwembamba tu, ambao upepo hauuoni.

Ya tatu ni antena ya wima, chuma cha kuvuta cha mita 5 juu ya miguu mitatu, na waya nne za ardhini. Inachukua nafasi ndogo, na mawimbi yake yanaondoka chini, yanafika mbali. Kwenye kilele chenye watu wengi Jumamosi, hii ndiyo ya adabu, kwa sababu waya wa mita 20 uliotandazwa njiani ni mtego. Ng'ombe wa Wamaasai hupita pale, na watoto hukimbia. Mimi hufunga vitambaa vyekundu kila mita mbili na kumweka mtu upande wa njia. Lakini antena ya wima inashindwa kitu kimoja kikubwa: majirani. Mchana, mawimbi ya bendi ya mita 40 yakipigwa kwenye waya wa chini chini hupanda karibu wima na kurudi kama mvua, na kufunika eneo la kilomita 500 au 700 kutoka ulipo. Humo mna Mombasa, Kampala, na Dar es Salaam kwenye ukingo. Antena ya wima inaruka juu ya vichwa vyao. Anayetaka kuongea Kiswahili hewani na sio kuhesabu nchi tu, achague waya.

Mimi nilichagua waya wa mwishoni, na sijarudi nyuma.

Saa nayo inaamua. Adhuhuri, jua la ikweta likiwa utosini, mawimbi ya bendi ya mita 20 yananyonywa na tabaka la chini la anga na wati 5 hazisikiki. Wakati huo nenda mita 15 au 10. Miaka hii, kwa kuwa jua lilifika kilele cha mzunguko wake mwaka 2024, mita 10 hufunguka kwa namna ambayo vijana watakuja kusimuliwa; mzunguko ukishuka, zitafifia. Kuanzia saa kumi alasiri mita 20 zinaamka kuelekea Ulaya. Bahati mbaya saa kumi ndiyo saa ya kushuka, na msimu wa mvua ndiyo saa ya radi. Ukiona wingu jeusi linaota juu ya Bonde, shusha waya kabla hujasikia ngurumo. Hapo hakuna cha mawasiliano ya nne wala ya tano.

Kuhusu sauti, Morse na FT8 (ujumbe mfupi unaotumwa kwa kompyuta) sitasema mengi. Sauti inatosha kwa mwenye 5Z na wati 10. Morse inafika mbali zaidi kwa nguvu ileile, na kifaa chake ni kidogo kama kiberiti. FT8 hufukua mawimbi ambayo sikio halisikii, ila inataka simu au kompyuta yenye saa sahihi, na kioo chake juani hakisomeki.

Betri: maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, yamejaa zile za geli za saa-ampea 7, za kengele za wezi na UPS. Ni bei nafuu, lakini ni kilo mbili na zaidi, na ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa. Ya lithiamu, LiFePO4, ya saa-ampea 3 haifiki nusu kilo, inashikilia volti karibu hadi mwisho, na inanitosha saa tatu za wito na usikilizaji. Hapa usibane matumizi. Magoti yako yatakushukuru kwenye kilele cha nne.

Nirudi kwa redio ya mkononi, kwa maana sitaki mtu aitupe. Kuna kazi mbili inazoziweza ambazo HF haiziwezi. Moja ni miadi. Mkiwa watatu, mmoja Ngong, mmoja Longonot, mmoja Kilimambogo, mkakubaliana Jumamosi saa nne, redio tatu za bei nafuu zitawapa asubuhi nzima ya mazungumzo bila salio. Nyingine ni setilaiti. Kituo cha anga cha kimataifa kina kirudishi cha redio za ridhaa, yaani mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha tena: unatuma kwenye 145.990 na toni ya hertzi 67 ya kuufungua, unasikiliza 437.800, na kituo kikipita juu yako una dakika kumi hivi. Antena ya kuelekeza hutengenezwa kwa bomba la PVC na vipande vya tepu ya fundi seremala. Ila niseme ukweli, setilaiti haihitaji mlima. Uwanja wa mpira usio na miti unatosha.

Ukichagua yoyote, leseni ni lazima kwanza: Kenya kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Tembea na nakala yake kwenye mfuko wa plastiki. Panda matatu ya 111 hadi Ngong, chukua boda hadi lango la Huduma ya Misitu, na hapo langoni mweleze askari unachoenda kufanya kabla hajaiona fimbo. Mtu anayevuta waya mlimani karibu na minara ataulizwa, na ana wajibu wa kujibu vizuri. Mimi humwonyesha redio na kumruhusu asikilize. Askari aliyenisindikiza mara ya mwisho, maana huko kuna nyati na zamani walikuwepo vibaka, alikaa nami saa mbili akiandika kwenye daftari langu majina ya nchi zilizojibu. Ilipofika ya kumi na moja akaniuliza, "Mzee, hii leseni mtu anaipataje?"